Mizabibu ya Mama Neema Haing'olewi

Leo asubuhi, hapa Makutupora, mizabibu mizee imemshinda bwana shamba.

Alikuja kuamuru ing'olewe.

"Mama Neema, matawi haya yamekauka. Ukiyalaza kwenye waya wa kuyashikilia yatakatika."

Mama, anayeitunza mizabibu hiyo tangu ujana wake, akalisokota tawi moja taratibu, akalilaza.

Halikukatika.

"Jaribu mengine!"

Akalaza matano. Yote salama.

Mimi, mwandishi niliyekuwa nikitazama, nikachomekea kwamba Waingereza huuita ulaini huu wa kupinda bila kukatika "supple", neno lenye asili ya Kilatini, ambako lilimhusu mtu anayepiga magoti kuomba.

"Sasa mwandishi, hapa nani ameomba?" Mama akaniuliza.

Bwana shamba alikuwa amepiga magoti, akikagua shina.

"Mama, naomba unifundishe kusokota."

Mizabibu inabaki. Swali la Mama nawaachia nyie mjibu.