Tashkota ya Dukani

Yule mwenye duka wa Kisauni, aliyekuwa akituuzia mafuta ya taa kwa kulazimishwa, amefariki. Nasema kwa kulazimishwa kwa sababu kuuza hakukuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kupiga tashkota, kile chombo cha Kijapani chenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, na duka lilikuwa mahali pa kukiweka. Mauti yamemkuta kitandani baada ya sala ya alfajiri, na waliokuwapo wasema vidole vyake vilikuwa vikichezacheza juu ya shuka. Sina hakika na habari hiyo. Mtu akifa hupata sifa nyingi ambazo hakuzihangaikia. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba alikuwa mwenye duka mbaya kuliko wote niliowajua kuanzia Likoni mpaka Miritini, na kwamba sikuwahi kwenda duka jingine.

Ukifika na chupa yako wakati wimbo umeanza, ulikuwa na hiari ya kungoja au kulala gizani. "Yakhe, nataka mafuta," nilimwambia jioni moja. Hakuinua kichwa. "Mafuta hayana haraka. Hapa ndipo penye utamu, sikiliza." Nikasikiliza. Utamu wenyewe, kwa kusema haki, ulikuwa na makosa mengi. Alikwenda mbio mahali pa kwenda taratibu, na kila alipokosea alicheka akalirudia lile kosa, kana kwamba limempendeza. Elimu yangu ni ya madarasa machache na sauti yangu hufukuza kuku, kwa hiyo huenda sikuelewa. Lakini barazani wachukuzi wa Kigiriama walikuwa wameketi juu ya magunia, muuza mihogo kaisahau mihogo yake, wote wanaimba, na mwenye duka uso unamng'aa kama aliyepakwa yale mafuta niliyokuwa nikiyangoja. Muuza makaa mmoja akanisogezea nafasi. "Kaa, baba. Ukipata mafuta si utaondoka?"

Basi palikuwa na chama cha taarabu, cha mabwana wa heshima, kanzu zao zimepigwa pasi mpaka zataka kusimama zenyewe, na marehemu alikuwa mpigaji wao. Desturi ya chama mwaijua. Wenye harusi huagiza wimbo mpya, nao hufundishwa chumbani, mlango umefungwa na madirisha yamezibwa kwa nguo, usisikiwe na yeyote kabla ya siku yake. Nami nakiri desturi hiyo ina maana: mwenye harusi ataka wimbo wake uzaliwe kwake, si sokoni. Marehemu alihudhuria mazoezi yote, akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, halafu akarudi dukani akaupiga ule wimbo mbele ya kila mtu. Haikuwa khiyana. Alikuwa hawezi tu kukaa na kitu kitamu peke yake, kama mtu anayekula haluwa na kukumegea hata ukikataa.

Harusi yenye wimbo huo ilikuwa Mjambere. Mwimbaji alisimama, akakohoa kikohozi cha heshima, vinanda vikaanza, na kabla hajafungua mdomo ubeti wa kwanza ukaingia kutoka nje ya ua. Wachukuzi walioleta kuni na mchele waliuimba mpaka mwisho, kwa lafudhi ya Kigiriama. Ubeti wa pili wakauchukua wapishi. Mwimbaji akabaki kufungua na kufunga mdomo kama changu ndani ya tenga. Mama wa bi harusi alilia. Wako wasemao kwa aibu, na wako wasemao kwa furaha. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, sikuona.

Kesho yake mwenyekiti wa chama akaja dukani na wenzake wawili, nami nimesimama na chupa yangu. Walingoja wimbo uishe, maana hata wao hawakuwa na njia nyingine.

"Nani kakuruhusu kutoa siri ya chama?" mwenyekiti akauliza.

"Siri gani, mwenyekiti?"

"Wimbo."

"Wallahi mimi nilidhani ni wimbo tu."

"Makuli wameujua kabla ya wenye harusi."

"Lakini si wameuimba vizuri?"

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. "Kuanzia leo wewe si mwenzetu. Mazoezini usije."

Hapo marehemu aliondoa vidole kwenye vitufe. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona ameshika chombo chake bila kukipiga. Alipenda mno kupiga na wenziwe, fidla ikimjibu na ngoma ikimsukuma, na hayo ndiyo waliyomnyang'anya. Kisha akanijazia chupa yangu bila kuombwa, nikajua ameumia.

Hakukaa kimya siku nyingi. Muuza makaa alileta bati akawa mpiga ngoma, na baraza ikajaa tena. Chama nacho kiliendelea na milango yake. Ulipokaribia Uhuru kilitunga wimbo wa Uhuru, kikaufungia kama kawaida. Siku yenyewe mabwana wakagombana nani akae mbele, na wimbo ukabaki chumbani. Mpaka leo haujasikika. Huenda ni mzuri sana. Sisi wa Kisauni tulisherehekea kwa tashkota yenye makosa na bati la makaa, na sikumsikia mtu akiuliza nani kakaa mbele.

Sasa kafa, na ghafla ni mwenzao. Kwenye hitima mwenyekiti alikaa mbele, safari hii bila ya ugomvi, akasema marehemu alikuwa nguzo ya chama. Niwe mwadilifu: macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ulikuwa moshi wa ubani peke yake. Kisha akamwita ndugu wa mjane. "Twaiomba ile tashkota. Tutaitia kwenye kabati la vioo, lenye kufuli, iwe ukumbusho. Hapana atakayeigusa." Muuza makaa, aliyekuwa karibu na mlango, aliacha kuzivuta shanga za tasbihi aliyoazimwa. Baraza nzima ilijua kwamba ikiingia kabatini, basi na baraza imekwisha.

Mjane yuko eda, kwa hiyo ndugu yake aliingia ndani kumuuliza, lakini jibu tulilisikia sote kupitia pazia kabla hajatoka nalo. "Mwambie mwenyekiti ahsante kwa heshima. Lakini mume wangu hakuwahi kuitia kufuli. Eda yangu ikisha itarudi barazani. Naye akitaka kuipiga, aje akae na wenziwe, angoje zamu."

Nimelifikiri jambo hili juma zima nikiogopa kukosea. Mabwana wale walikuwa na vyombo bora, mwimbaji bora na kanzu bora, na sikumbuki hata ubeti mmoja wao, ila ule uliotoroka. Nadhani wimbo ukifungiwa, mtu hubaki na mlango tu. Nayasema haya kwa sababu Uhuru wenyewe tumeupata majuzi, na tayari nawaona watu wakipima makabati. Mwenyekiti sijui kama atakwenda barazani. Mimi nitakwenda na chupa yangu, hata kama nyumbani mafuta yapo.