Kanda Tuliyoilinganisha Kasulu

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha Kasulu. Kwa kuwa muziki niliusoma kidogo chuoni, mpiga fidla mmoja Mkongomani alinifuata nyumbani akitokea kambi ya Nyarugusu. Yeye na wenzake watatu walikuwa na kikundi cha vyombo vya nyuzi kanisani, na kipande walichokipenda kilikuwa cha mtunzi wa Ulaya ambaye hata mimi sikuwahi kumsikia. Walijifunza kwa sikio kutoka kwenye kanda: kila mtu aliimba sehemu yake mpaka imkae, ndipo akashika chombo. Walikipiga mazishini. Ndicho walichompigia mke wa mpiga fidla huyo walipomzika.

Sasa mtu alikuwa amemtumia kipande hicho hicho kwenye simu, kimepigwa na kikundi kingine, nacho kilikwenda mbio.

"Mwalimu, sikiliza zote mbili. Uniambie nani amekosea."

Nilianza na ya simu. Ilikuwa nyepesi, inarukaruka. Kisha nikatia kanda yake kwenye redio yangu, nikachomeka kwenye umeme, nikingoja ule mwendo mzito aliokuwa ameniimbia. Ikatoka mbio vile vile.

"Redio yako imeharibika," akasema. "Kanda yangu iko polepole."

Nikamuuliza kambini waliisikiliza kwa redio gani.

"Redio ya betri. Zikichoka tunazianika juani, tunarudisha."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi: betri ikiwa dhaifu, kanda huzunguka kivivu, muziki unavutika na sauti inashuka. Hakuna aliyekosea. Masikio yao yalishika kwa uaminifu kile ambacho redio iliwapa. Nilidhani namfariji.

"Basi mke yangu tulimuzika na muziki ya kucheza."

"Hapana, Papa. Mlichopiga siku ile kilikuwa cha msiba. Watu si walilia?"

"Walilia sababu ya betri."

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikamshauri waendelee na mwendo wao, kwani ulikuwa mzuri na sasa ni wao wenyewe. Akaitoa kanda, akaifuta kwa shati.

"Wewe unaweza kusema hivyo. Mimi nimekwisha kuisikia inavyokimbia."

Jumamosi kulikuwa na mazishi kambini, nikaenda. Wenzake watatu walimtazama awaanzishe. Aliinua upinde, akaushusha, akauinua tena. Mwishowe akamwashiria mchungaji kwamba watu waimbe tu.