Chupa Kumi na Moja za Nyarugusu

Mwaka 1954 hakuna mtu pale Nyarugusu aliyekuwa na mdomo mkali kumshinda Thobias, dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ya wachimbaji wa dhahabu. Mama aliyekataa kutoa choo cha mwanawe kipelekwe Mwanza kupimwa alisemwa mbele ya foleni nzima. Paskazia, mke wa mchimbaji mmoja, alisemwa mpaka akalia. Na wala hawakuwa wajinga kama alivyowaita. Kwao uchafu wa mtoto ulifukiwa. Ukiokotwa na mwenye husuda, mtoto amekwisha. Leo dresa anautaka ndani ya chupa, tena yenye jina, ipande lori iende kwa watu wasiojulikana!

Lakini watoto walikuwa wanahara damu, na Daktari, aliyefika kila baada ya wiki mbili, alikuwa amemweleza Thobias waziwazi.

“Kwenye darubini vijidudu hivi vinafanana kabisa, ila si kitu kimoja,” alisema. “Kuna aina inayokufa kwa vidonge vya sulfa, na kuna inayoicheka. Kambi hii ina watu wa kila pembe, zaweza kuwemo aina tatu au nne. Nataka chupa ya kila mtoto.”

Dawa nyingine ilikuwepo, ya sindano, ila ilikuwa adimu. Daktari hakuitoa bila majibu ya Mwanza.

Chupa kumi zilipokwisha kukusanywa, Scolastika, binti wa Thobias wa mwaka mmoja, naye akaanza kuhara damu. Thobias aliandika jina la mwanawe kwenye chupa ya kumi na moja, kisha akashindwa kuijaza. Alimkumbuka mama yake kule Tinde, akifukia kishimo nyuma ya nyumba na kusawazisha udongo kwa kisigino. Mambo hayo hakuyaamini. Aliyacheka kila siku. Hata hivyo alijikuta, chupa tupu mkononi, mlangoni kwa Mwamvua, muuza maandazi kutoka Ujiji, ambaye mwanawe Mrisho naye alikuwa anaumwa.

“Chukua tu, dresa,” Mwamvua alisema, akipangusa unga mikononi. “Wachawi wangu wako Ujiji, njia ya huku hawaijui.”

Alicheka, lakini hakuuliza chochote wala hakushangaa. Thobias hakulitilia jambo hilo maanani.

Siku kumi na mbili baadaye Mrisho alikuwa anakimbiza kuku. Scolastika alinyweshwa sulfa ile ile, na macho yake yakazidi kuzama. Watoto wawili kati ya wale kumi na mmoja walikuwa wamekwisha kuzikwa Daktari alipofika zahanati na karatasi ya majibu mkononi, akasimama mbele ya foleni ya akina mama.

“Habari njema!” alisema. “Wote kumi na mmoja wana aina moja, na sulfa inaiua. Endeleeni nayo.”

“Na wale wawili, Bwana Daktari?” Thobias aliuliza.

“Walichelewa kuletwa.”

Mageni, mke wa Thobias, alipiga goti na mtoto mgongoni. “Wabeja, Bwana Daktari,” alishukuru. “Wabeja sana.”

Shukrani ile ilimchoma Thobias kuliko tusi. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia, na Daktari alikuwa anafunga sanduku lake.

“Chupa ya Scolastika si ya Scolastika,” Thobias alisema. “Ni ya Mrisho. Niliogopa.”

Alingoja wamcheke, maana alistahili. Badala yake, Paskazia akainuka, mwanawe amelegea kifuani.

“Hata ya wangu ni ya Mrisho,” alisema.

Akainuka mwingine, na mwingine. Mama wa mmoja wa waliozikwa, aliyekuja na mtoto wake wa pili, alijifunika kanga usoni.

“Zote kumi na moja zimetoka kwangu,” Mwamvua alisema taratibu. “Niliwahurumia, kwa jinsi mlivyokuwa mnasemwa.”

Daktari aliitazama karatasi: majina kumi na moja, ugonjwa wa mtoto mmoja. Nani kati ya wale wengine alikuwa na nini, hakuna aliyejua tena. Alifungua sanduku na kutoa kichupa cha dawa ya sindano.

“Hii inatosha mtoto mmoja,” alimwambia Thobias. “Foleni hii ni yako. Taja wa kuchomwa.”

Mageni alikuwa amekwisha kufungua mbeleko. Lakini wa kwanza kwenye foleni, tangu alfajiri, alikuwa Paskazia.