Maduara Kumi Juu ya Lubugo

Video ilimfikia Mwalimu Alistidia Rutashobya saa nne asubuhi, akiwa jikoni kwake Rwamishenye anamenya ndizi. Ilitoka kwa Nancy, binti wa mdogo wake Ephrasia, huko Muleba. Chini yake Nancy alikuwa ameandika: "Mama mkubwa, tazama mpaka mwisho. Mama ameacha sindano za kisukari."

Alistidia akatazama. Kwenye turubai lililojaa watu alisimama mwanamume aliyejitanda shuka jeupe lenye mistari ya buluu. Mikononi alikunjua kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mtoma ambayo wazee wa Kihaya walizikwa nayo. Juu ya lubugo palikuwa na maduara kumi yaliyounganishwa kwa mistari.

"Hiki," akanguruma yule mtu, "kililetwa na Walawi miaka elfu tatu iliyopita! Waliufuata mto Nile mpaka ziwani kwetu! Muhaya ni Israeli!"

Turubai zima likalipuka kwa vigelegele. Kisu kikamponyoka Alistidia kikaangukia maganda. Maduara yale aliyachora yeye mwenyewe, kwa maka peni, juu ya meza hiyohiyo ya jikoni, mwaka juzi mwezi wa tatu.

Na yule mtu, Alistidia alimfahamu. Alikuwa Damian.

Ili hasira yake ieleweke, lazima ieleweke kwanza kazi yake. Alistidia alifundisha historia sekondari kwa miaka thelathini na minne. Alipokuwa na miaka arobaini hivi, mchungaji mstaafu wa usharika wao, Mzee Byarugaba, alimfundisha Kiebrania kila Jumamosi alasiri, na alipofariki akamwachia sanduku la bati lenye vitabu. Humo ndani Alistidia alikutana na Kabala, mafundisho ya siri ya Wayahudi juu ya Mungu, na akanaswa. Hakutaka kuwa mfuasi wake, hata kidogo. Alitaka kujua nani aliandika nini, lini, wapi, na kwa nini. Majirani hawakuona tofauti. Walimwita "Mama Myahudi", wengine wakanong'ona kwamba ana mambo yake, naye akawapuuza, kwani mtu anayesoma habari za malaria hajaomba kuumwa na mbu.

Kila alichokisoma alikiandika kwa Kiswahili kwenye kaunta buku, na sasa zilikuwa kumi na moja. Aliandika jinsi mafundisho hayo yalivyochipuka kusini mwa Ufaransa na Hispania yapata miaka mia nane iliyopita, jinsi Wayahudi walipofukuzwa Hispania walivyoyabeba mpaka vilima vya Galilaya, na jinsi yalivyoeleza kwamba Mungu asiyeonekana hujidhihirisha kwa njia kumi, ambazo wachoraji walizifanya maduara kumi. Hapakuwa na neno hata moja la kuponya vidonda.

Ukurasa alioupenda kuliko zote ulikuwa wa mjane mmoja wa Hispania. Mumewe alikuwa akisambaza kitabu kikuu cha siri hizo, akidai amekinakili kutoka maandishi ya kale mno ya mwalimu mtakatifu. Mume alipokufa, watu walikwenda kwa mjane kuuliza maandishi hayo ya kale yako wapi. Mjane akajibu kwamba hayapo na hayajawahi kuwapo, mume wake aliyatoa kichwani mwake. Habari hiyo imepita midomo kadhaa kabla ya kuandikwa, na wasomi wanabishana, lakini lugha ya kitabu chenyewe inamuunga mkono mjane. Watu walimsikia, kisha wakaendelea kukiamini kitabu kama kawaida. Chini ya ukurasa huo Alistidia aliandika swali, miaka ishirini iliyopita, akaacha nafasi ya jibu: "Kwa nini hawakumwamini?"

Mwaka juzi usharika ulimwomba awafundishe wainjilisti na wazee wa kanisa kuhusu historia hiyo. Alifurahi kama mtoto. Usiku wa kuamkia semina mvua ilivujia dari na karatasi zake za manila zikalowa chapachapa. Asubuhi akiwa na haraka, akafungua kabati akakuta kipande cha lubugo kilichobaki kwenye msiba wa mama yake. Kilikuwa kipana, kinakunjika vizuri. Akachukua mfuniko wa kopo la kahawa, akauzungushia maka peni mara kumi, akaunganisha mistari, akaondoka.

Hilo ndilo kosa lake, na tangu siku ile ya video hakujisamehe. Mhaya mzima, mzaliwa wa Muleba, akachora mambo ya siri juu ya nguo ya maiti na ya waganga, akaitundika ukumbini mbele ya wazee! Alipoikunjua ukumbi mzima uliikodolea macho. Mzee mmoja alisogeza kiti chake nyuma. Alistidia, kwa kiburi cha kisomi, akadhani wamevutiwa na historia.

Mmoja tu ndiye aliyesogea mbele, Damian, mwinjilisti kijana mwenye maswali mazuri. Mwishoni akaja kwa adabu, mikono nyuma. "Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuazima mchoro, nikawafundishie vijana." Alistidia alimpa kwa moyo mweupe, hata akamkunjia. Hakumwona tena, wala lubugo hakuliona.

Sasa alimpigia simu Nancy.

"Ameacha lini sindano?"

"Wiki ya pili hii, mama mkubwa. Nabii anasema uponyaji ni wiki kumi, kila wiki duara moja. Kila duara mtu anaacha kitu. La kwanza aliacha chumvi, la pili akaacha simu. La tatu ni dawa za hospitali, eti zinaziba njia."

"Na ule mguu wenye kidonda?"

"Unanuka."

Alistidia hakumaliza kumenya ndizi. Alivaa gauni lake la kanisani, akatia mfuniko wa kopo la kahawa kwenye mkoba, akaondoka. Njia nzima mpaka Muleba midomo yake ilikuwa inacheza peke yake. Alimtukana Damian, akajitukana yeye, akaitukana na ile dari inayovuja. Ephrasia ndiye mdogo wake pekee aliyebaki. Walilala kitanda kimoja mpaka walipokwenda shule za bweni. Leo mtu amechukua mchoro wa darasani na anamuulia nao ndugu yake, tena kwa kutumia maduara ambayo hata majina yake hayajui!

Alikuta ibada imepamba moto. Ephrasia alikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, amekonda, mguu wa kushoto umefungwa kanga na kuwekwa juu ya stuli. Harufu ilimfikia Alistidia kabla hajafika. Nancy alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake, macho mekundu.

Alistidia hakuketi. Alipita katikati ya viti mpaka mbele.

"Damian," akasema, "hata shikamoo hunipi?"

Nabii akashtuka, shuka likamteleza begani. Lakini alikuwa mwepesi. "Karibu mama, karibu kwenye ardhi ya Israeli! Mpeni kiti hapa mbele!"

"Sikuja kukaa. Nimefuata lubugo langu." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, mimi ni Alistidia, dada yake huyu Ephrasia. Baadhi yenu nimewafundisha. Hii nguo haikuletwa na Mlawi wala na Nile. Ni kipande kilichobaki tulipomzika mama yetu. Michoro nimechora mimi, jikoni kwangu Rwamishenye, kwa ajili ya somo la historia, na huyu bwana akaniazima hajarudisha mpaka leo!"

Minong'ono ikaanza. Damian akacheka, akainua mikono. "Wapendwa, adui hutumia hata ndugu wa damu."

"Nitawaonyesha adui," akasema Alistidia. Akatoa mfuniko mkobani, akauinua juu kila mtu auone. "Huu ni mfuniko wa kopo la kahawa. Uliniponyoka ukaanguka sakafuni, ukabonyea hapa pembeni. Tazameni." Akaunyakua ukingo wa lubugo, akauweka mfuniko juu ya duara la kwanza. Duara lilikuwa limebonyea mahali palepale. Akauweka juu ya la pili. Juu ya la tatu. "Yote kumi yana kibonyeo kimoja! Walawi walikunywa kahawa ya kopo, sivyo? Njoo wewe mama, njoo uone mwenyewe. Nawe baba, njoo."

Wakaja. Mama mmoja mnene akapitisha kidole kwenye vibonyeo, duara moja baada ya jingine, mpaka la kumi. Mwanamume mwenye kofia ya kusuka akajaribu mfuniko mwenyewe, akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Alistidia alipumua. Alimfikiria yule mjane wa Hispania. Dada yangu, alimwambia moyoni, leo wametusikia.

Yule mama mnene akamgeukia, macho yamejaa machozi.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Ni mkono wako uliochora. Mae! Hukujua unachora nini. Mungu alikutumia, waitu, ndugu yetu, bila wewe kujua!"

"Hapana! Nasema hivi, ni mfuniko wa..."

"Ni yeye!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Viti vikaburutwa. Mtu akamshika Alistidia mkono wa kulia, mwingine akaubusu, mtoto mchanga akasogezwa usoni pake. Damian, ambaye dakika moja kabla alikuwa akitafuta njia ya kutokea, akapiga magoti hadharani. "Mama wa Lubugo!" akalia. "Nilikuwa namngoja!" Alistidia alitamani kumpiga mfuniko wa uso.

Aliwapigia kelele. Aliwaeleza Ufaransa, Hispania, Galilaya, miaka mia nane, na kwamba hayo maduara hayajawahi kumponya mtu yeyote popote duniani. Kadiri alivyosema ndivyo walivyozidi kulia. Ndipo akahisi mkono mwingine, mkavu na wa moto, ukimvuta gauni kutoka chini. Alikuwa Ephrasia.

"Dada," akasema Ephrasia. "Kumbe ni wewe muda wote. Niwekee mkono."

Alistidia akamtazama. Akautazama mguu juu ya stuli, kanga iliyolowa maji ya njano, nzi wawili. Akamwona Nancy akimtazama kwa jicho lenye maana moja tu: fanya lolote. Angeweza kusema ukweli mara ya kumi, na ukweli ule ungekaa pale kwenye turubai pamoja na mguu, vikioza vyote pamoja. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma. Maisha yake yote alikuwa upande wa mjane.

Akauweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wake.

"Sikilizeni!" akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia, sauti ya Damian. "Aliyechora ndiye anayejua maana yake. Duara la tatu huyu mtu amelisoma vibaya. Linasema hivi: inuka, uende hospitali leo hii, ukatibiwe mguu, uchome sindano kila siku, na usiache mpaka siku ya kufa kwako. Na kila aliyeacha dawa humu ndani, azirudie kabla jua halijazama. Atakayekaidi, lubugo hilo ni nguo ya maiti. Linamngoja."

"Amina!" likajibu turubai. Aliyeanza kuitikia alikuwa Damian.

Ephrasia alikatwa vidole viwili, lakini mguu ulibaki. Kila alipotembelewa wodini alisimulia jinsi mkono wa dada yake ulivyompoza mwili wote, akichomwa sindano huku anasimulia, na nesi akicheka. Alistidia alikaa pembeni ya kitanda na vyungu vya ndizi na maharage, amenuna. Alipojaribu kusahihisha, Ephrasia alimpapasa shavu. "Unyenyekevu wako, dada. Mama angefurahi."

Wiki iliyofuata mwanamke kutoka Buhembe alibisha hodi getini Rwamishenye, mtoto mgongoni. "Shikamoo, Mwalimu. Tumesikia." Alistidia akamkaribisha kivulini akaanza upya, Hispania, mjane, mfuniko, asiache kitu. Mwanamke alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akainamisha mgongo, ili kichwa cha mtoto kifike karibu na mkono wa Alistidia. Mtoto alikuwa anachemka.

"Mpeleke hospitali," akasema Alistidia, mkono juu ya paji la uso. "Sasa hivi. Nimesema mimi!"

"Amina," akasema mwanamke, akatoka mbio.

Alistidia aliingia ndani, akaubamiza mlango. Alichukua kaunta buku ya nne, akafungua ukurasa wa mjane, na swali lililongoja miaka ishirini. Akakaa nalo muda mrefu, kalamu mkononi, machozi ya hasira yakidondokea meza ambayo bado ilikuwa na madoa ya maka peni. Mwisho akaandika katika ile nafasi: "Walimsikia vizuri. Walikuwa na wagonjwa nyumbani."

Nje, getini, mtu mwingine alikuwa anabisha hodi.