Mkaguzi wa Itaka na Vunjajungu Asiye Vunjajungu

Habari ya kifo chake ilinifikia Alhamisi asubuhi, nikiwa nimeshika kitumbua cha moto mkono mmoja na simu mkono mwingine, pembeni ya soko la Tunduma. Ujumbe ulitoka kwa binti yake na ulikuwa na sentensi mbili tu: "Mama ametutoka alfajiri akiwa usingizini. Hizi chupa zake za buibui tuzifanyeje?" Naungama kwenu, wasomaji wangu, kwamba nilicheka kwanza, machozi yakafuata. Nadhani mwenyewe angependa mambo yaende kwa mpangilio huo. Nilimpigia binti yule, nikampa pole, nikamwambia azifungue chupa shambani, katikati ya mibuni, kwa kuwa buibui wenyewe ndiko walikotoka. Akanijibu kwamba ameshafanya hivyo, ila alitaka kumsikia mtu mwingine akisema, "maana mashangazi wanaogopa hata kuingia chumbani."

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa Mnyiha wa Itaka, mjane, mkulima wa kahawa katika uzee wake. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa mkaguzi wa mazao katika ghala moja la mtu binafsi hapa Tunduma, ghala ambalo siku hizi halipo tena. Kazi yake ilikuwa kupitia kreti za matunda na magunia ya mahindi kabla hayajapakiwa kuvuka kwenda Zambia, akitafuta wadudu waharibifu. Wapakiaji walimwita Mama Wadudu, naye aliitika bila kukunja uso. Alikuwa na kioo cha kukuzia alichokifunga kwa kamba na kukitundika shingoni, na ukizungumza naye alikuwa na tabia ya kukuinulia kile kioo bila kujijua, kama vile na wewe umepita mbele yake kukaguliwa.

Siku moja, ndani ya kreti ya maparachichi, alimkuta mdudu ambaye hakuwa amemwona maishani mwake. Kwa mbele alikuwa vunjajungu mtupu: shingo ndefu, kichwa cha pembetatu, mikono iliyokunjwa kifuani tayari kunasa. Lakini kuanzia kiunoni kwenda nyuma alikuwa kitu kingine kabisa, mwembamba, mwenye rangi ya nyigu, na mabawa manne maangavu yaliyojaa mishipa kama wavu. Ukutani kulikuwa na picha za wadudu waharibifu. Akazipitia zote, hayumo. Basi akaamua kwamba huyo ni mharibifu mgeni, akasimamisha mzigo mzima. Mwenye mzigo, mfanyabiashara aliyehamia Tunduma kutoka Kondoa, alimsihi sana. "Mama, parachichi halisubiri mtu," alimwambia. Yeye akamjibu, "Na mimi sisaini nisichokijua." Siku mbili za jua kali zikapita. Mzigo ulipoachiwa, maparachichi yalikuwa yamelainika kiasi kwamba hayangeweza kusafiri tena, na nakumbuka wiki ile Tunduma nzima tulikula parachichi, asubuhi na mkate, mchana na ugali.

Mtu mwingine angeishia hapo. Alikuwa amefuata utaratibu, na hakuna aliyemlaumu rasmi. Lakini yeye alimtia mdudu yule kwenye chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha, akampeleka kwa mkufunzi mmoja mstaafu wa kilimo aliyekuwa akiishi Vwawa. Mzee yule alimtazama mdudu kwa muda mfupi tu, akacheka. "Huyu si vunjajungu," alisema, "wala si nyigu. Wala hajawahi kula tunda tangu azaliwe." Kisha akamweleza jambo ambalo mama yule alikuja kulirudia mbele yangu mara nyingi mno, kila mara kwa furaha kama amelisikia jana. Vunjajungu wa kweli ni jamaa wa karibu wa mende. Mtoto wake hutoka kwenye yai akiwa tayari na sura ya wazazi, kasoro mabawa. Huyu mwingine ukoo wake ni ule wa wadudu wenye mabawa ya wavu, pamoja na yule ambaye buu lake huchimba vishimo vya mviringo kwenye mchanga mkavu chini ya mapaa ya nyumba zetu na kuvizia sisimizi. Huanza maisha akiwa buu dogo lisilofanana na wazazi wake hata kidogo, hujifungia, hugeuka, ndipo hutoka na mabawa. Mikono ile ya kunasia, kila ukoo uliipata kwa njia yake, kwa kuwa kila mmoja aliishi kwa kuwinda. Kufanana kwao ni kwa kazi. Udugu haumo.

Yaliyofuata niliyasikia juzi makaburini Itaka, kwa kinywa cha mfanyabiashara yule mwenyewe, sasa ni mzee, amesimama na kanzu yake na kofia katikati ya wanakwaya. Alisema kwamba siku chache baada ya mzigo wake kuharibika, mama yule alimfuata sokoni, mchana, watu wamejaa. "Nilidhani amekuja kujitetea," alisimulia. "Mimi nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tayari. Akasimama mbele ya watu wote akasema, mzee, nilikosea. Yule mdudu hakuwa mharibifu, mzigo wako ulikuwa halali, na mimi sikujua, na badala ya kuuliza nikaamua. Nisamehe." Mzee akairekebisha kofia yake. "Jamani, yale maneno yangu yote yalipotea. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikabaki namwambia, haya, hebu nimwone huyo mdudu mwenyewe." Waombolezaji tukaangua kicheko, mchungaji naye akashindwa kujizuia. Tangu siku ile wakawa marafiki, na kila mzee alipokwenda Mbangala kutafuta ufuta alimletea wadudu ndani ya viberiti. Wengi walikuwa panzi wa kawaida. Aliwapokea wote kwa heshima.

Mimi mwenyewe nilimfahamu baadaye, alipokwisha kustaafu na kurudi kwenye mibuni yake. Nilikwenda kuandika habari za kahawa, nikaondoka na habari za buibui. Alinikalisha barazani, akanimiminia kahawa, akaniwekea mbele yangu chupa ya kioo yenye kijiti na kifuko cheupe kikubwa kama punje ya njegere. "Hicho ni kifuko cha mayai ya buibui," aliniambia, "lakini usisubiri buibui." Akanieleza kwamba jike la mdudu wake hutaga mayai mengi madogo sana, kila moja limesimama juu ya uzi mwembamba kuliko unywele. Buu likitoka, halina mabawa wala nguvu, lina miguu na subira tu. Hutafuta buibui jike, humdandia, hujishikiza mwilini mwake na kungoja, pengine kwa wiki nyingi, likimnyonya kidogo ili lisife njaa. Siku buibui anapofuma kifuko chake cha mayai, buu hujipenyeza ndani kabla hakijafungwa. Humo hula mayai yote, kisha hujisokotea hariri yake na kulala. Na buibui wa aina ile inayotembea na kifuko chake kimening'inia nyuma ya tumbo huendelea kukibeba, akidhani amebeba wanawe.

"Mama, hiyo si dhuluma?" nilimuuliza.

"Mwanangu, ukimwonea huruma buibui, mwonee pia nzi anayeliwa na buibui. Utamaliza siku nzima hujanywa kahawa."

Hakuwa amemaliza kusema vizuri alipoinama ghafla na kunishika mkono. Kifuko kilikuwa kimetoboka. Kitu kidogo chenye rangi ya majani makavu kilijivuta nje, bado kimevaa ganda lake, kikatembea kwa kuyumba hadi kwenye kijiti, kikajishikiza. Ganda likapasuka mgongoni. Akatoka polepole: kwanza kichwa, kisha ile mikono miwili ya kuwindia, laini na iliyopauka, kisha mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyolowa. Tulikaa pale mpaka mabawa yakanyooka na kung'aa. Mama yule, ambaye kwa hesabu yake alikuwa ameangalia vifuko kwa miaka saba bila kumwona hata mmoja akitoka, alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Karibu," alimwambia mdudu kwa Kiswahili, halafu akamwongezea maneno ya Kinyiha ambayo alikataa kunitafsiria.

Nikiwa naaga, nikajaribu kutengeneza fundisho. Nikasema mdudu huyu ni kama watu wa mpakani, unawaona kwa sura hujui asili yao. Akanikatiza. "Usimgeuze mdudu wangu kuwa hotuba. Wewe mwandishi kazi yako ni moja na yangu. Umekwenda ukaona, au hukwenda?" Kisha akanikumbusha makala niliyoandika hapa hapa kwenye safu hii, kwamba wafugaji waliohamia karibu na Msangano ndio walioharibu kisima cha kijiji kwa kunyweshea ng'ombe wao. "Ulifika?" Nikasema niliambiwa na watu wa kuaminika. Aliinua kile kioo chake cha shingoni, akanitazama.

Nilifika Msangano mwezi uliofuata. Fundi aliyekuwa akitengeneza pampu ya kisima alinionyesha bomba lililoliwa na kutu kutoka ndani. Ng'ombe walikuwa na lambo lao, mbali na kisima, na waliolichimba ni wafugaji wenyewe. Mama mmoja wa boma la wafugaji hao alinikaribisha maziwa, hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Nilirudi Tunduma nikaandika juu ya mambo mengine, nikajiambia kwamba habari ile imeshapitwa na wakati.

Kazi zetu nyingi siku hizi, za kalamu na za mihuri, zinampa mtu ruhusa ya kuamua haraka na kusonga mbele. Hakuna anayekusimamisha. Kukosea hakukumzuia mkaguzi yule kuwa mkaguzi mzuri. Kilichomtofautisha ni kwamba alirudi kulitazama kosa lake kwa makini mpaka akalijua jina na ukoo, kisha akalitamka mbele ya yule aliyeumia. Kwa hiyo nasema kwa wafugaji wa karibu na Msangano, na kwa ninyi mlionisoma mkaniamini: kisima kiliharibiwa na kutu. Sikwenda kuona kabla ya kuandika, na nilipoona nilinyamaza. Nilikosea. Naomba mnisamehe.