Nzioka Ashuka Garini

Mimi gari lile sikulipenda tangu siku lilipoletwa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na wivu. Tulikaa ukuta kwa ukuta huku Makongeni, Nzioka na mkewe Magdalene upande ule, mimi na binti yangu Tausi upande huu, na gari likaegeshwa katikati, likidondosha mafuta meusi pale pale nilipozoea kuanika maharagwe yangu ya kuuza sokoni.

Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Nzioka alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha ngozi hapa Thika. Aliuza ng'ombe wake waliokuwa Kangundo, akanunua Ford nyeusi, kuukuu, kutoka kwa Mzungu wa reli aliyekuwa akirudi kwao. Mtaa mzima ulitoka kuitazama. Wengine waliishika kwa kidole, kama mtu anayepima joto la uji. Nzioka alizunguka na kitambaa akifuta kila palipoguswa, na kuanzia siku hiyo sikumwona tena mtu yule ametulia.

Alikuwa hamalizi kikombe cha chai. Akisikia watoto wanacheka nje, anainuka kuangalia kama wamekaa juu ya boneti. Mvua ikinyesha anatoka kufunika, ikiacha anatoka kufunua. Asubuhi gari halikutaka kuwaka kwa ufunguo, lilitaka hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, na hendeli nayo ikiamua kurudi nyuma humpiga mtu kifundo cha mkono mpaka aone nyota. Hendeli ikishindwa tunaitwa sisi majirani kusukuma. Mimi, mwanamke mzima, nimesukuma gari lile nikiwa nimejifunga kanga mbili, huku mwenye gari amekaa ndani ameshika usukani, na likishawaka anakwenda zake bila kutazama nyuma, kwa sababu akisimama kushukuru litazimika.

Na barabarani hakukuwa na nafuu. Siku zile za Hali ya Hatari askari walisimama kila mahali. Walikuwa wakimsimamisha, wanamwuliza, "Gari ya nani?" Anajibu, "Yangu." Wanauliza tena, taratibu, kama kwamba hakusikia. Anatoa karatasi zote, anafungua buti, anafunga buti, na wakimruhusu kwenda gari limeshazimika, hendeli tena.

Ubaya wake mkubwa ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni gia. Kila likipanda mlima gia iliruka kutoka mahali pake, kwa hiyo aliyekaa mbele kazi yake ilikuwa kuishikilia kwa mikono miwili mpaka kilele. Magdalene ndiye aliyekuwa mshika gia. Wa pili ni mlango wa nyuma, wa kushoto, ambao haukufunga vizuri. Nzioka alisema ataushughulikia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulipofika palikuwa na jambo jingine limeharibika.

Basi ikatokea habari ya mguu.

Mama yake Magdalene, bibi Syombua, alikuwa akikaa na mwanawe Kaleli, ambaye alikuwa mkata matawi ya mibuni katika shamba moja la Mzungu ng'ambo ya Ruiru. Bibi alijikata kwa jembe juu ya kisigino. Akapaka majani, akakaa kimya, na alipofikishwa kwa daktari hapa Thika kidonda kilikuwa kimeoza. Daktari alisema kisafishwe na apigwe sindano siku moja baada ya nyingine bila kuruka, ama sivyo mguu utakatwa chini ya goti. Kulala hospitali bibi alikataa katakata. Kutoka kambi ya wafanyakazi mpaka kituo cha basi ilikuwa mwendo mrefu wa udongo mwekundu, na mguu ule haukuweza kukanyaga chini.

Wewe unayesoma utasema, si mkwewe ana gari? Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Nzioka na wakwe zake ni Wakamba, na Wakamba wana heshima wanayoiita nthoni. Mwanamume na mama mkwe hawakutani uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hawali pamoja, hawaitani majina, hawapaziani sauti. Nimewaona Nzioka na bibi siku ya ubatizo, mmoja mbele ya kanisa na mwingine nyuma kabisa, na bibi amejifunika kanga mpaka puani. Sasa uwaweke watu hao wawili ndani ya Ford, ambamo ukikohoa nyuma anapaliwa wa mbele.

Nzioka aliumia sana. Alikuja mlangoni kwangu, akasimama, akaondoka, akarudi tena.

"Mama Tausi," akaniambia, "una shuka kubwa?"

Nikampa. Akaipigilia misumari kwenye dari ya gari, kati ya viti vya mbele na vya nyuma, ikawa pazia. Mpango ulikuwa hivi: akifika kambini ashuke, aende asimame nyuma ya mibuni mpaka Kaleli amwingize mama yake, halafu arudi kichwa chini, aendeshe. Magdalene akae mbele, maana gia haikujali msiba wa mtu. Hospitalini ni hivyo hivyo kinyume chake. Mara ya kwanza ilikwenda salama, na ya pili. Nilianza kuona huenda gari lile lina faida yake.

Mara ya tatu, walipokuwa wakipanda kutoka daraja la Ndarugu, Magdalene ameng'ang'ania gia na Nzioka ameinama mbele kama anayelisaidia gari kwa mabega, ule mlango wa nyuma ulifunguka. Bibi alikuwa ameuegemea. Mtu mwingine yeyote angepiga kelele. Bibi Syombua hakupiga. Apige kelele vipi, na mkwewe yuko pale mbele? Alishika ukingo wa kiti, akaning'inia, vidole vikachoka, akaachia. Aliteleza mpaka chini kama gunia, kimya, na gari likaendelea.

Walifika hospitali. Nzioka akashuka akaenda kusimama mbali, akitazama ukuta. Magdalene akafunua pazia. Kiti kitupu, na kanga moja sakafuni.

Sikuwapo, lakini Magdalene amenisimulia mara nyingi. Walimkuta bibi kando ya barabara, karibu na makonge, amekaa ameunyoosha mguu, bandeji imelowa damu. Nzioka alisahau kila kitu. Aliruka nje, akakimbia na mikono yake mbele kumwinua. Bibi alipomwona anakuja alijifunika uso kwa mikono, akaanza kurudi nyuma kwa makalio, na ule mguu, kuelekea mtaroni. Nzioka akasimama. Akageuka, akayatazama makonge. Alisimama hivyo amempa mgongo mama anayetoka damu, mpaka mwenda kwa baiskeli mmoja aliposhuka akamsaidia Magdalene kumbeba.

Kidonda kilifunguka upya. Wiki iliyofuata bibi alituma neno kupitia kwa Kaleli: hapandi tena. Gari si baya, alisema, ila mwenye gari akiwemo ndani, yeye bibi anaona haya, na ni afadhali mguu uende kuliko kumvua mkwewe heshima mara ya pili. Nzioka aliufunga ule mlango kwa waya, kisha kwa kamba juu ya waya. Haikusaidia. Kaleli alikuwa akimwosha mama yake kwa maji ya chumvi jioni akitoka kazini, na kila aliyetoka Ruiru alileta habari mbaya zaidi. Umevimba. Umefika katikati ya muundi. Unanuka.

Nzioka alikonda. Alikuwa akiliwasha gari bila safari, analizima, analiwasha. Aliuliza kila mtu kama anajua kuendesha, na katika mtaa wetu mzima, mwenye leseni alikuwa yeye peke yake. Jioni moja alikaa kwenye ngazi yangu, akaanza tena: mguu, gari, haya, mguu. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe na nimechoka na siku yangu, na sikuwa na huruma tena ya kumpa.

"Bwana Nzioka," nikamwambia, "mgonjwa ana haya na wewe, hana haya na gari. Sasa wewe toka garini."

"Nani ataendesha?"

"Yule anayeshika gia kila siku amekosa nini?"

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele za watu. Magdalene alikuwa amesimama kwenye mlango wao na sufuria mkononi. Aliiweka chini, akasema, "Mimi nitaweza." Nzioka aliondoka kwenda kulitazama gari.

Kesho yake jioni walianza, katika uwanja wa kuanikia makonge. Mungu anisamehe, nilikwenda kuangalia. Nzioka alikuwa mwalimu mbaya kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Alipiga kelele kabla ya kosa, wakati wa kosa na baada ya kosa. "Klachi, klachi, unaua gari!" Gari likaruka kama mbuzi, likazimika. Hendeli. Likaruka tena. Siku ya pili Magdalene alizima mwenyewe, akashuka, akaja nyumbani kwa miguu, na Nzioka akamfuata akiendesha polepole nyuma yake, akiongea dirishani peke yake. Siku ya tatu alimwambia mumewe, "Ukipaza sauti, mimi nashuka. Mama hana siku za wewe kupaza sauti." Tangu hapo Nzioka alikuwa akifundisha ameuma leso.

Lakini sheria ilikuwa sheria. Asiye na leseni lazima akae na mwenye leseni pembeni yake, na mwenye leseni alikuwa ni yule yule mkwe. Mara mbili nilimwona Magdalene ameshika ufunguo, anautazama, na najua alichokuwa akifikiri. Kisha anakumbuka askari wa barabarani, anaurudisha. Alikwenda kutahiniwa kabla hajawa tayari, kwa sababu mguu haukungoja.

Mtahini alikuwa Mzungu mwenye masharubu mekundu. Alikaa mbele, pale pa mshika gia. Walipofika kwenye mlima, Magdalene, kwa mazoea yake, na mikono yote miwili ikiwa na kazi, alimwambia, "Bwana, shikilia hiyo, usiachie." Na yule Mzungu akashika. Alishikilia gia mpaka juu, uso umemwiva. Waliporudi alisema gari ni aibu tupu na litengenezwe mara moja, lakini mama anajua kuendesha. Akapiga muhuri.

Siku ile ile Magdalene hakurudi hata nyumbani kunywa maji. Alimshusha mumewe, aliyekuwa amemsindikiza kwenye mtihani, kando ya barabara nje ya mji, akashika njia ya Ruiru peke yake, akiibana gia kwa goti kila mlima.

Nzioka alirudi Makongeni kwa miguu. Tangu alinunue hakuwahi kukaa nyumbani bila lile gari mbele ya mlango, na hakujua aweke wapi mikono yake. Alitembea mpaka dukani, akarudi. Kila injini iliyopita alisema ni yake, na haikuwa yake. "Kwenye daraja asikanyage breki ghafla," akaniambia. Baadaye kidogo, "Nilimwambia kuhusu maji ya rejeta?" Nilimpa maharagwe achambue. Alichambua, akatupa mazuri, akabakiza mabovu.

Magdalene alirudi jua likiwa linazama. Mumewe alilizunguka gari lote kabla ya kumwuliza, na alipomwuliza aliuliza akiwa amelishika taa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tumechelewa. Wamesema wataujaribu, lakini nisiruke hata siku moja."

Hakuruka. Mvua za Aprili zilianguka na njia ya shambani ikawa uji, akafunga minyororo kwenye matairi, akapita. Askari walimsimamisha wakaita wenzao waje kumwona, akawaambia wamwone haraka, ana mgonjwa. Gia alitengeneza fundi Singasinga mmoja wa mjini. Nzioka alikwenda kazini kwa miguu, yeye mwenye gari, na watu wakamcheka njiani, wakimwuliza mkewe atampa lifti lini. Aliwaacha wacheke. Kila jioni neno lake la kwanza lilikuwa moja tu, na Magdalene alimjibu: leo usaha umepungua. Leo wametoa kidole kimoja kidogo. Leo nyama imeanza kuwa nyekundu.

Ilikuwa Julai, na baridi yake ya ukungu, Jumapili, gari liliposimama mbele yetu na Magdalene akapiga honi. Nzioka alichungulia dirishani, akamwona aliyekaa ndani, akarudi nyuma haraka akafunga mlango na pazia. Mimi nilikuwa kwenye ngazi yangu.

Bibi Syombua alifungua mlango mwenyewe. Alishuka, mguu mmoja, halafu wa pili. Hakuwa na fimbo. Alichechemea kidogo akizunguka mbele ya gari, akasimama karibu na dirisha la Nzioka lakini akilipa mgongo, akaweka kiganja juu ya boneti lenye joto. Akazungumza kwa Kiswahili, nadhani ni kwa ajili yangu, ili pawe na shahidi.

"Wewe gari," akasema, "umenibeba kama mtoto wangu wa kuzaa. Siku ile niliyoanguka sikukasirika na wewe. Niliona ulivyorudi mbio. Niliona pia ulivyogeuka, ukatazama makonge. Najua ilikuuma. Mguu huu ni wako."

Magdalene alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani. Nyuma ya pazia nilisikia mtu anavuta pumzi, mara moja, halafu tena, kama aliyebeba mzigo mzito.

"Gari limesikia," Nzioka akasema kutoka ndani.

Bibi alitikisa kichwa kukubali, akajitanda kanga yake vizuri, akarudi kukaa kiti cha mbele, karibu na binti yake.