Koseti ya Mama wa Bibi Harusi

Mimi gauni silihukumu kwa sura. Ukinipa koseti niitazame, naigeuza ndani nje kwanza, nione bitana ilivyolala, nione na mifupa, vile vijiti vya plastiki vinavyosimamisha kifua, imepita wapi na imeishia wapi. Kwa nje kila fundi anajua kudanganya. Akishabandika lesi na shanga, watu wanapiga vigelegele na picha, kazi imekwisha. Ndani ndiko unakomjua aliyekata kwa kubahatisha na aliyejihangaisha.

Tabia hii imeninyima raha ya kula kwenye sherehe. Nakaa mezani kwangu, mwanamke anapita na koseti isiyo na mikanda ya mabega, na kila baada ya hatua chache anaishika huku na huku na kuivuta juu. Yeye namwonea huruma, fundi wake namkasirikia. Nguo inayopandishwa kila saa haijashonwa, imeunganishwa tu. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wanadhani koseti inashikwa na kifua. Uongo mtupu. Koseti inashikwa na kiuno. Kwa ndani unaweka mkanda usiovutika, unaufunga kiunoni kabla zipu haijapanda, na ukikaza vizuri pale, huku juu kunakaa kwenyewe hata mtu akirukaruka. Wasichana ninaowafundisha wamelisikia hili mpaka wananiigiza nikiwapa mgongo.

Basi nilijiona nimemaliza kujua, mpaka alipokuja mwalimu mmoja wa shule.

Fremu yangu ya kushonea iko Temeke, mtaa wa nyuma ya soko. Yeye alitoka Bunju, mwisho kabisa wa upande wa pili wa mji, na kitambaa chake cha satini ya kijani kwenye mfuko. Mama wa makamo, mwenyeji wa bara, ameishi Dar karibu umri wake wote wa kazi. Alitaka gauni la koseti, mabega wazi, kwa ajili ya sendofu ya binti yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Nilivimba kichwa. Mtu apite mafundi wote wa Bunju, Mbezi na Kinondoni, anifuate mimi Temeke? Nikamwandalia kiti, nikamwagizia na soda.

Tulipoingia nyuma ya pazia akasimama na blauzi yake, vifungo vyote vimefungwa.

"Nipime hivihivi," akasema.

"Mwalimu, samahani, koseti haipimwi juu ya nguo. Nitakuharibia kitambaa chako."

Akafungua vifungo, taratibu, akiangalia ukutani. Upande wa kushoto alikuwa mwanamke kama mimi. Upande wa kulia palikuwa bapa, na kovu refu limepita kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani.

Nilishtuka, tena vibaya. Tepu ilinidondoka mkononi na nikawa sijui macho niyapeleke wapi. Nimewapima wanawake wenye makovu ya moto, wenye vibiongo, wenye mimba ambazo hawajamwambia mtu, na sikuwahi kukosa la kusema. Siku hiyo nilichoweza kutoa mdomoni ni "pole", tena kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe.

"Nimeshapoa," akasema. "Unaelewa sasa kwa nini nimekuja huku. Bunju mafundi wote wananijua, watoto wao nimewafundisha mie."

Akanieleza huku nikiokota tepu yangu. Matibabu alimaliza mwaka uliopita. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda masomoni Dodoma, na mume hana wa kumwuliza kwa sababu alishafariki. Hakuna aliyejua, hata binti yake, hata mdogo wake wa tumbo moja anayeishi Pugu.

"Binti akijua ataahirisha harusi aje kuniuguza. Na wakwe wakisikia, watasema tumewapa mtoto mwenye ugonjwa wa ukoo. Wakati kwetu ugonjwa huu haupo, fundi. Ni mie wa kwanza. Mwache aolewe salama kwanza."

"Sasa si uvae kitu cha kufunika? Mbona unajitafutia mtihani wa mabega wazi?"

"Miaka yote kwenye shughuli navaa mabega wazi, ndugu zangu wote wanajua. Nikijifunika siku ya mwanangu wataniuliza, na mie kudanganya machoni siwezi."

Nilimpima. Upande wa kulia nilipitisha vidole kwa woga kama napapasa jipu, mpaka akanishika mkono na kuubonyeza pale mwenyewe, kwamba hapaumi.

Kushona koseti ile kulinifundisha adabu. Mwanzo niliona ni jambo jepesi: naweka sponji upande uliokosekana, naichonga ifanane na mwenzake, basi. Ikasimama vizuri akiwa ametulia. Nikamwambia acheze. Duka la jirani walikuwa wamefungulia muziki wa singeli, akacheza kidogo, na loo, upande wa kulia ukapanda, kifua kikaenda upande, zipu ikatoka katikati ya mgongo. Ziwa lina uzito, na mimi nimeshona maisha yangu yote bila kuufikiria, kwa sababu kila aliyekuja alikuja nayo mawili. Nikafumua. Nikashona kifuko cha pamba cha kukaa chini ya sponji, nikakijaza mchele. Ukawa unalia ukitembea. Nikamwaga, nikajaza ulezi. Ulezi haulii, unalala vizuri, na ukishapata joto la mwili unatulia. Nikaushika mkononi, huku nimelipima la kushoto kwa mkono mwingine kwa ruhusa yake, nikawa naongeza na kupunguza mpaka mikono ikakubaliana.

Akavaa tena. Inama. Kaa. Inua mikono. Cheza, mwalimu, usinionee haya. Alicheza mpaka jasho likamtoka, koseti haikusogea. Akajitazama kwenye kioo, akajigusa kifuani pande zote mbili, machozi yakamshuka. Na mimi nikalia, sioni sababu ya kuficha.

Sendofu ilifanyika ukumbini Mbezi Beach. Binti naye nilimshonea mimi, mama alimleta baadaye kwa gauni lake mwenyewe, msichana wa kucheka kila tepu ikimgusa ubavuni. Kwa hiyo nilikwenda kama fundi wa bibi harusi, na sindano zangu kwenye mkoba, ila macho yangu yote yalikuwa kwa mama. Wakati wa kuleta keki aliingia mbele ya kundi la ndugu, akicheza, mikono juu, mabega yake yanang'aa kwa mafuta. Ukumbi mzima ukasimama. Binti akakimbia akamkumbatia kwa nguvu, kifua kwa kifua, na mimi nikaweka kijiko chini. Walipoachana nikatazama. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilirudi kwenye sahani yangu nikala pilau lote, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kwenye sherehe nyingine.

Ila kuna mwanamke mmoja kwenye lile kundi la ndugu, amevaa gauni pana lililomfunika mpaka shingoni, ambaye hakuwa anatazama keki. Alikuwa anatazama kifua cha mwalimu. Nikaogopa kwamba ameshagundua. Baadaye akanifuata pale nilipokuwa namrekebishia bibi harusi pindo.

"Fundi, koseti ya dada yangu ni kazi yako?"

Nikasema ndiyo. Akaniomba namba ya simu, akaondoka.

Ndiye yule mdogo wake wa Pugu. Wiki chache baada ya harusi alikuja Temeke, mfanyabiashara wa nguo za watoto, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza fremu. Aliwatania wasichana wangu, akasema anataka koseti kama ya dada yake, ileile, amechoka kuvaa magunia. Nikacheka naye. Tukaingia nyuma ya pazia, na kicheko chake kikakatika.

"Fundi, kabla hujanishika, naomba usipige kelele."

Akalivua gauni lake pana. Safari hii ilikuwa kushoto. Bapa, na kovu lilelile, refu, mpaka kwapani.

Sikupiga kelele. Nikakaa juu ya stuli, juu ya vipande vya nguo za watu vilivyobanwa pini, na sikuhisi pini hata moja. Yeye akadhani nimeogopa kovu. Akaanza kunibembeleza, yeye mgonjwa ananibembeleza mimi mzima, kwamba ameshapona, kwamba hauambukizi.

"Dada yako anajua?" ndilo swali lililonitoka.

"Hajui. Angejuaje? Alikuwa na harusi ya mtoto, nimtie presha ya nini? Nilimwambia nakwenda Mbeya kwa wakwe zangu." Kisha akasema, akizipanga nywele zake kana kwamba anazungumzia mvua, "Halafu kwetu ugonjwa huu haupo kabisa. Ni bahati yangu mbaya tu."

Maneno yaleyale ya dada yake. Nilimpima, nikapokea kitambaa, nikampa siku ya kujaribu, akaenda zake.

Kitambaa chake kilikaa mezani na sikukigusa. Kila nikishika mkasi nauweka chini. Fundi wa kike anaona miili ya watu, na kinachoonekana nyuma ya pazia kinabaki nyuma ya pazia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, bila hiyo hakuna mwanamke atakayekuvulia nguo. Nimeishi hivyo bila shida. Lakini sasa nilikuwa mtu pekee duniani ninayejua kwamba ndugu wawili wa tumbo moja wamekatwa, kila mmoja kivyake, kila mmoja akijihesabu wa kwanza na wa mwisho. Na kwa sababu kila mmoja anajiona peke yake, hakuna anayeona haja ya kumwambia yule binti akapimwe. Yule wa kucheka tepu ikimgusa ubavuni. Nilimwona kila nikifumba macho, na hasira zikanipanda, kwa mama yake, kwa mama yake mdogo, na kwa hizi siri zetu tunazoziita ustaarabu.

Siku ya kujaribu ilipofika, mdogo mtu akakuta kitambaa chake kimekunjwa vilevile.

"Vipi tena, fundi? Hujakata hata?"

Nikafunga mlango wa fremu, nikawatoa wasichana nje.

"Sikati," nikamwambia. "Siwezi kukushonea mpaka uongee na dada yako."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu hicho ulichoniomba nisikipigie kelele."

Akakasirika. Akaniambia hayanihusu, kazi yangu ni kushona, na kwamba kama ningekuwa na adabu nisingethubutu. Alikuwa anasema kweli tupu. Nikamwacha amalize.

"Ulikuwa unaitazama koseti ya dada yako pale ukumbini," nikasema. "Ulitamani nini?"

"Kifua chake. Si unaona mwenyewe alivyojaaliwa bado."

"Nusu yake nimeitengeneza mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu neno nililolitoa halirudi, na mwalimu hatanisamehe. Kisha nikaona uso wake unaelewa, kidogo kidogo, na akakaa chini sakafuni kwenye vitambaa, mwanamke yule wa sauti kubwa, bila sauti yoyote. Akatoa simu. Akanipa nimpigie dada yake mimi, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba. Vipi, unaumwa? Mbona sauti hiyo?"

"Niko Temeke. Kwa fundi."

Nilisikia watoto wa shule wakipiga kelele mbali, upande wa mwalimu.

"Kwa fundi unafanya nini?" akauliza mwalimu, polepole.

"Ananishonea kama ya kwako, dada. Kama ya kwako kila kitu."

Nilisikia kiti kikiburuzwa.

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Mie kulia," akasema mwalimu, na pumzi ikamtoka kwa nguvu. Hakulia. Hakuniulizia mimi wala hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Aliuliza lini, wapi, nani alikuwa naye hospitali, na mdogo wake akawa anajibu: hakuna, dada, nilikuwa peke yangu. Na yeye anasema: na mie.

Halafu akasema kwa ile sauti ya mbele ya darasa, "Mpigie mtoto sasa hivi. Mwambie kesho asiende kazini, aje kwangu, na wewe uje."

"Nimwambie nini mbele ya mumewe, dada? Wakwe je?"

"Mwambie aje na mumewe," akasema mwalimu. "Na mama mkwe akitaka kuja, naye aje."